Mji Uliowaondoa Watulizi

Watu husema kimya ni pale pasipo na kitu. Kidawa alikuwa amechoka na watu na mambo wanayosema. Yeye kimya alikijua. Kwa miaka yote aliyosimama kwenye mashine ya kusaga, kilimjia kila jioni alipozima injini, mkanda ukajizungusha kwa uvivu ukasimama, wanawake na ndoo zao wakaenda zao, na unga uliokuwa hewani ukaanza kutua. Kilikuwa na uzito. Kilimkalia mabegani mfano wa kanga iliyotoka kuanuliwa juani. Kutwa alikuwa mkono wa mashine. Kwa kitambo kile kifupi alikuwa Kidawa. Sasa kitambo hicho kimeibiwa, mwizi hajulikani, na kila anayepewa habari ya wizi huo humwuliza kama amejaribu kitunguu saumu.

Mwizi alikaa upande wa kushoto. Nziii. Haikupanda, haikushuka, haikuvuta pumzi. Ilikuwapo wakati wa kula na wakati wa sala, ilikuwapo ndani ya jina lake mtu alipomwita. Shoga yake Mwatime alisema ni shetani anataka ngoma, akamtajia na fundi wa kumpunga. Jirani mmoja akasema ni upepo, mwingine akasema ni uzee, basi auzoee. Kidawa alipokataa kuzoea wakatikisa vichwa: sikio la kufa halisikii dawa. Wengine wakamfariji kwamba kelele za mlango hazimwasi mtu usingizi. Maneno mazuri hayo, na aliyeyatunga bila shaka alikuwa na mlango wa mbao, wa kufunga akahamia chumba cha pili. Mlango wa Kidawa ulikuwa kichwani, na kichwa hakina chumba cha pili. Au kinacho, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Aliyeikaribia kweli alikuwa daktari wa masikio, mwanamke kijana aliyekuwa na adabu ya kukaa upande wake wa kulia. Alimpima, akaweka vifaa pembeni, akamwambia, "Bi Kidawa, sikio lako halipigi kelele. Neva ya sikio la ndani imekufa upande huo, haipeleki kitu juu. Anayepiga kelele ni ubongo."

Akaeleza. Ndani ya ubongo mna kemikali za kuamsha na kemikali za kutuliza, na kusikia kote ni mvutano wa hizo mbili. Neva ikifa, habari haziji tena, na ubongo badala ya kupumzika huingiwa na wasiwasi. Hupunguza ile kemikali yake ya kutuliza ili usikie zaidi, kama mtu anayeongeza sauti ya redio iliyopoteza stesheni. Mvumo anaousikia Kidawa ni wa redio yenyewe. Dawa ya kuurudisha utulivu pale pale ulipoondoka, bila kumlaza mtu mzima akawa gogo, daktari hakuwa nayo.

Kidawa alisikiliza kwa hasira ya mtu anayeelezwa vizuri. Angeelezwa vibaya angeweza kubisha. "Nani kauamrisha ubongo wangu uondoe utulivu?" aliuliza. Daktari akatabasamu kwa heshima, akamwambia arudi baada ya mwezi. Swali likabaki mikononi mwa aliyeuliza, na Kidawa akaenda nalo nyumbani akilikunja na kulikunjua njia nzima.

Jua lilikuwa juu ya paa alipojilaza kwa ubavu wa kushoto. Alifanya makusudi. Alilikandamiza sikio bovu kwenye mto jinsi mtu anavyomkalia mwizi hadi watu waje. Watu hawakuja. Mto ukawa laini, kisha ukawa si mto, na Kidawa akapita katikati ya sikio lake mwenyewe, kichwa kwanza. Usiulize iliwezekanaje. Mtu huingia kichwani mwake kila siku, akapotea humo saa nzima na chai ikapoa, na hakuna anayemdai ushahidi.

Alikuta ngazi za mzunguko, zimejikunja kama nyumba ya konokono, kuta zake mfupa laini. Kando ya ngazi paliota nyasi nyembamba, safu kwa safu, na zote zilikuwa zimelala upande mmoja. Kidawa alizitazama akajua kilichozilaza. Ilikuwa injini yake. Kila siku ya kazi ilikuwa imepita hapa na magurudumu yake, ikaenda, na hakuna siku hata moja iliyogeuka kutazama nyuma. Mbele yake alishuka msichana mwenye vumbi la unga kwenye nyusi. Kidawa akamwita amwambie azibe masikio kwa pamba, azibe hata kwa nta, ajihurumie. Msichana akageuka, na uso ulikuwa wa Kidawa mwenyewe, wa mwaka ule wa kwanza.

"Sikusikii, shangazi," akasema kwa ukarimu. "Mashine imewaka."

Akaendelea kushuka akilipiga kanyagio la kila ngazi kwa furaha ya mtu aliyepata kazi. Nini kinachouma kuliko hicho? Kumwona anayekuja kukuua, ukamkuta ni wewe, na hana hata kosa? Kidawa alitaka kumkimbilia amvute kanga, lakini kila hatua aliyokimbia ilikuwa ya mwaka mmoja, na alipofika chini msichana alikuwa ameshazeeka akaingia ndani yake.

Chini ya ngazi ilianza njia. Ilikuwa ya nyuzi maelfu zilizosukwa pamoja mfano wa ukili wa mkeka, ikipanda kwenda mjini. Zilikuwa zimekauka. Nyingine zilikatika alipozikanyaga, nyingine zilikuwa zimekatika zamani, ncha zake zimejikunja. Hakuna kilichopita juu yake isipokuwa yeye. Na kadiri alivyopanda, ile nziii ilizidi kukua, ikaanza kupasuka vipande, na kila kipande kikawa na mdomo. Kidawa akasimama. Haikuwa mlio. Zilikuwa sauti za watu wengi mno, zikisema neno moja.

"Karibu!"

Mji ulikuwa mweupe, umejikunjakunja, nyumba zimebanana. Milango yote ilikuwa wazi. Kwenye kila mlango alisimama mtu aliyevaa nguo zake za siku kubwa, ameinama kidogo, mkono mmoja umeelekezwa ndani, akiuambia uchochoro mtupu, "Karibu! Karibu ndani! Karibu, pita!" Koo zao zilikuwa zimekauka. Macho yao yalikuwa mekundu. Kidawa alipita katikati yao, mgeni wa kweli, na hakuna aliyemwona, maana wote walikuwa wakimtazama anayekuja nyuma yake.

Nje kidogo ya mji, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, walikaa wengine, kila mmoja na mkeka wake uliokunjwa miguuni. Hawa hawakuwa wakisema kitu. Kidawa aliwakimbilia kama mwenye kiu. Aliyekuwa karibu alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, aliyenuna kama mtu aliyefukuzwa kazi bila kosa. Jina lake lilikuwa Bi Mafunda, na kazi yake, alivyosema, ilikuwa utulizi, yeye na hao wote.

Akamsimulia. Katika mji ule hodi ndiyo sheria. Sauti ikipanda kutoka kwenye njia hupiga hodi nyumba ya kwanza, ikaitikiwa karibu, ikapita ndani, ikatokea mlango wa pili, hodi tena, karibu tena, hadi nyumba ya mwisho, kwenye Mlango wa Juu, ambako sauti hugeuka kuwa kitu mtu anachokijua. Lakini njia haileti wageni peke yao. Hupita vumbi, hupita paka, hupita nyayo za damu yenyewe ikizunguka. Kwa hiyo kwenye kila kizingiti palikaa mtulizi na mkeka wake. Mgeni alimpisha. Kisicho mgeni alikinyanyulia mkono, kikaishia hapo hapo.

"Kazi yetu ilikuwa kusema hapana," alisema Bi Mafunda. "Na hapana ikisemwa vizuri, mwenzangu, haisikiki. Ndo maana hakuna aliyejua kama tunafanya kazi."

Kidawa alikaa chini. Kumbe kile alichokiita kimya, kile kilichomshukia kila jioni, hakikuwa pasipo na kitu hata siku moja. Kilikuwa jasho la watu. Mikono maelfu iliyonyanyuliwa kwa wakati mmoja ili yeye ahisi kwamba hakuna kinachotokea. Aliona haya, kisha haya ikageuka hasira, maana hasira ndiyo aliyokuwa ameizoea, akauliza ni shetani gani aliyewaondoa.

Hakuna shetani, Bi Mafunda akasema. Njia ilipokufa, hodi zilikoma. Mji ukangoja siku ya kwanza, ukangoja ya pili, ukaanza kuona aibu. Nyumba isiyopigiwa hodi ni nyumba yenye aibu. Tumekosa nini hata watu watususie? Wakatazamana, halafu wakawatazama watulizi. Si hawa wanaokaa vizingitini na mikono juu? Pengine wageni wanakuja na hawa wanawafukuza. Basi wakawaita, wakawakalisha, wakawanywesha kahawa, wakawaomba kwa upole mkubwa wakunje mikeka yao. Hakuna aliyewatukana. Baada ya hapo mtu mmoja akasikia nguo yake mwenyewe ikichakarisha, akasema karibu, maana kuacha hodi bila jibu ni ushenzi. Jirani akasikia karibu ya mwenziwe, akajua mgeni yuko nyumba ya pili na sasa hivi atafika kwake, akamtangulizia karibu yake. Wa tatu akamsikia wa pili. Mji ule ni wa mviringo. Karibu ilizunguka ikamrudia aliyeianzisha, naye akafurahi kwamba hatimaye wageni wamekuja.

Kidawa hakujua acheke au alie. Usingizi wake, sala zake, jina lake mdomoni mwa watu, vyote vimeliwa na tabia njema! Angekuta jambazi humu ndani angelipiga. Utampigaje mtu anayekukaribisha? Alimshika Bi Mafunda mkono, akamnyanyua pamoja na mkeka wake, akamwambia waende kwa mkubwa wa mji. Bi Mafunda aliguna kwamba wameshakwenda, lakini alikwenda.

Sheha wa Mlango wa Juu aliitwa Mwinyi Kondo. Walimkuta kizingitini mwa nyumba ya mwisho, kanzu imemlowa jasho, akikaribisha kwa mikono miwili. Nyuma yake sahani za wali zilikuwa zimejipanga ukumbini, baridi, nzi wametanda. Kidawa alilazimika kusimama mbele kabisa ya pua yake ndipo akanyamaza.

"Ile njia imekufa, Sheha," alisema. "Nimeipita kwa miguu yangu. Hakuna anayekuja. Mnaitikiana wenyewe kwa wenyewe."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Mwinyi Kondo. "Sisi ni wagonjwa, bibi, si unatuona. Tutaponaje tukiwafungia?"

"Hakuna wa kumfungia!"

"Umezikagua nyuzi zote?"

"Nimezipita."

"Kupita si kukagua." Alimtazama kwa macho yale mekundu, na hakuwa mjinga, hilo ndilo lililomkera zaidi Kidawa. "Sasa tuseme umebaki uzi mmoja. Unaleta kijisauti kimoja, kimechoka, kinapiga hodi kwa pumzi yake ya mwisho. Nami nimeweka mtu mlangoni wa kukinyamazisha. Dhambi hiyo utaibeba wewe?"

Kidawa alizunguka maneno, akamwambia habari za watawala, kwamba mkubwa aliyepoteza watu wake hasemi nimepotelewa. Hukaa uani kwake akasikiliza wapishi wakimsifu, akasema watu hawajawahi kunipenda namna hii. Mwinyi Kondo akajibu kwamba yeye kweli hajawahi kuwasikia watu namna hii, usiku na mchana, na kama hayo si mapenzi basi ni nini. Kidawa akamwambia anajisikia mwenyewe. Sheha akamwuliza yeye ni nani hata aseme hivyo.

"Mie ndo mwenye kichwa."

"Aa." Mwinyi Kondo akaegemea mwimo wa mlango, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Basi ndo wewe. Maana sisi hatukuamua peke yetu, bibi. Amri ilishuka. Kila asubuhi mtu akiamka, kabla hajafungua macho, anatega sikio la kushoto atazame kama ile kelele bado ipo. Kila jioni anatega tena. Sisi tunasikia amri moja tu: sikilizeni. Sikilizeni zaidi. Inatoka kwako. Mpaka leo inatoka kwako."

Hilo ndilo lililokuwa jibu la swali lake, na halikumfurahisha. Mtu huzunguka dunia akimtafuta aliyetoa amri, akipiga meza za watu, na mwisho huletewa kioo. Kidawa alikasirika. Alikasirika kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu kweli ile haikumsaidia kitu: nani awezaye kujiamuru asitege sikio? Ukisema usisikilize, umeshasikiliza ili ujue kama umetii. Alikuwa amefungwa kwa fundo ambalo kila akilivuta linazidi kukaza, na aliyelifunga hana ubaya, na aliyefungwa hana njia. Alitaka kupiga ukuta. Akaupiga, na nyumba nzima ikasema karibu.

Pengine kilio hicho cha ngumi ndicho kilichomlainisha Sheha, au alikuwa amechoka tu, maana hata wenye mamlaka huchoka wakiwa peke yao. Alivua kofia akajipepea. Akasema haya, nyumba hii ndiyo ya mwisho na wengine wote huifuata; ikinyamaza hii, atakayesikia hana karibu ya kuitikia naye atanyamaza. Nyumba hiyo atamkabidhi Kidawa. Naye aweke mtulizi wake kizingitini. Sharti ni moja tu, lile la zamani: asiyepitishwa na mtulizi haitikiwi, hata iweje. Kidawa akaapa. Aliapa haraka, kwa hasira, kama mtu anayeulizwa kama atakunywa maji jangwani. Mwinyi Kondo akatoka nje akakaa barazani, mikono yake ikiendelea kutetemeka kwa kukaribisha.

Ndani ilikuwa nyumba ambayo Kidawa aliijua bila kuwahi kuifika. Alikaa juu ya mkeka ukumbini, akakunja miguu. Bi Mafunda alikunjua wake kizingitini, akaupangusa, akaketi bila haraka, akanyanyua mkono wa kulia.

Hakufanya lolote lingine. Karibu ya nyumba ya jirani ilikuja ikagonga kiganja chake ikaanguka. Ikaja ya pili ikaanguka. Jirani, aliyezoea kujibiwa, alisita. Aliyekuwa nyuma yake akasikia kusita, naye akasita, na kusita kule kukaenda kwa uchochoro kama zamani ilivyokwenda ile karibu yenyewe, nyumba kwa nyumba, kukizunguka mji, na popote kulipopita mtu alishusha mkono akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Wa mwisho kabisa, mbali upande wa chini, alisema karibu mara moja peke yake. Akasikia aibu. Akanyamaza.

Kikaja.

Kidawa alilia. Alilia bila sauti, kwa woga wa kukivunja. Kilimkalia mabegani na uzito wake wote, kikamshukia kifuani, kikamjaa tumboni. Mikono ya watu ilikuwa ndani yake na safari hii aliijua, kwa hiyo kilikuwa kizuri kuliko cha zamani, kile alichokitumia bila shukrani. Alikuwa Kidawa. Alikaa, na muda ulikaa naye, na alikuwa msichana na alikuwa mzee na hakuna aliyemwita mwenzake. Aliwaza, basi ndivyo hivi, watu wanavyokaa. Aliwaza, hakuna kitu. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshawaza, alitazama kama ni kweli hakuna.

Kimya kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Na pale mlangoni, nyuma ya mgongo mpana wa Bi Mafunda, kilikuwa kizito zaidi kidogo, kama panavyokuwa pazito mahali aliposimama mtu aliyefika akasita kupiga hodi. Nyuzi zilikuwa maelfu. Hakuzikagua. Hata kumi hakuzikagua. Je, kama ni kile kijisauti cha uzi ule mmoja? Kimekuja njia yote ile, kimechoka, kimeona mkono umenyanyuliwa, kimeona haya, kinataka kurudi? Bi Mafunda hakutikisika. Mkono wake ulikuwa juu, hakuna aliyempisha. Kidawa alijua. Alikumbuka kiapo, neno kwa neno. Lakini alikuwa amelelewa kwao akalelewa vizuri, na mwili uliolelewa haungoji ruhusa. Ulikuwa umeshanyanyuka nusu kutoka mkekani, mkono umeshanyooka kuelekea ndani.

"Karibu," alisema.

Alisema polepole tu, kwa upole. Barazani Mwinyi Kondo aliruka kwa miguu yote miwili, uso umemng'aa. "Karibu!" alijibu. "Karibu!" akasema jirani, kwa furaha ya mtu aliyekuwa amekata tamaa, na mji ukawaka mlango kwa mlango hadi chini, karibu, karibu ndani, karibu pita, na sauti zikakimbiliana zikabanana zikayeyuka kuwa mlio mmoja mwembamba usiovuta pumzi.

Bi Mafunda alishusha mkono. Hakukasirika. Alisimama, akakunja mkeka, akaukumbatia, akageuka kumtazama Kidawa aliyekuwa bado ameinama, mkono umenyooka.

"Umemkaribisha nani, mwenzangu?" aliuliza.

Kidawa aliona midomo yake tu. Akamwomba arudie, akamwomba tena, kisha akafungua kinywa amweleze, kwamba alidhani, kwamba kulikuwa na mtu, kwamba angekuwa mtu wa namna gani kama asingemwitikia. Lakini Bi Mafunda alikuwa ameshaanza kuondoka, na mji ulikuwa na kelele mno, ikabidi Kidawa naye apige kelele.